Meno ya Mwanya

4 Machi

Fundi wangu,

Usishtuke kuona bahasha, hakuna aliyekufa. Ni simu tu imeanguka, na tangu ianguke nikiongea sisikiki upande wa pili. Mafundi simu wa hapa unawajua, unawapa simu nzima wanakurudishia nusu na maelezo mengi. Nimeona bora nikuandikie kama zile siku ulipokuwa unanichumbia. Wakati ule ulikuwa na maneno. Siku hizi ni "umekula?", "nimekula", "umelala?" Mtu aliyelala atakujibuje?

Nyumbani ni pazuri. Nimepewa darasa la kwanza tena, wamejaa mpaka dirishani. Bomba la jikoni linavuja palepale uliposema utaparekebisha. Upande wako wa kitanda naweka daftari za kusahihisha. Meza ninayo, na nafasi ipo, ila nikigeuka usingizini napenda niguse kitu.

Najua mkataba wako unakwisha mwisho wa Aprili. Usihangaike kukimbilia gari la kwanza. Maliza kazi zako kwa utulivu.

Mke wako


4 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini wifi anakutunza vizuri na mguu umepoa. Nakuandikia wewe peke yako, na ukimwambia mwanao nitahama ukoo huu.

Wiki iliyopita nilipanda kiti darasani kubandika picha za herufi. Kiti kikateleza, nikaangukia ukingo wa dawati kwa mdomo. Jino moja la mbele lilitoka palepale, likaviringika chini ya madawati, na watoto wakalisaka kwa furaha ambayo sijawahi kuwaona nayo wakisaka chaki. La pili lilikatika, daktari akamalizia kung'oa mzizi. Yale mawili ya juu, Mama. Yenyewe.

Sasa nikisema "sisi" inatoka filimbi. Na darasa la kwanza wanafuata mwalimu. Juzi mwalimu mkuu alipita dirishani, darasa zima linasoma "saa, soma, sisimizi" kwa filimbi, akauliza nani ameruhusu muziki kipindi cha kusoma. Ndiyo maana sikupigii, na ndiyo maana mwanao nimemwambia simu ni mbovu. Simu ni nzima kabisa. Mbovu ni mimi.

Mganga hajigangi, sawa. Lakini fundi wa meno mkewe awe kibogoyo? Mwanao aliniita Mwanya kabla hajajua jina langu. Miaka mitatu yuko huko, na anachokumbuka ni uso ule. Akirudi akute pango, si atakuwa amerudi kwa mtu mwingine?

Daktari amesema nitawekewa daraja. Anayasaga haya mawili ya pembeni yawe visiki, yanavikwa taji, na katikati yananing'inia mawili mapya, yote manne kipande kimoja. Ana mtu wake mwenye karakana ndogo ndiye anayemtengenezea. Nilishukuru kusikia hivyo, maana niliogopa atasema anapeleka kwenye ile maabara kubwa ya akina mwanao. Tatizo, chapa ya meno hachukui mpaka fizi zipone, na daraja lenyewe ni la kuelekea Juni. Na mwanao anakuja mwisho wa Aprili.

Niombee, na unifichie.

Mkwe wako


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikalia, mara ya pili hapo kwenye filimbi nikacheka mpaka wifi yako akaja kutazama. Usinune. Mimi mwenyewe nimebaki na meno ya kuazimana, la juu likitaka kutafuna linamtafuta mwenzake wa chini. Baba yake huyo fundi aliondoka duniani bado ananiita bibi harusi.

Ila umenitia majaribuni. Mwanangu amenipigia. Anauliza kwa nini mkewe haongei. Anauliza, kwa kuzungukazunguka, kama una mtu. Nikamwambia una watu sitini, wote wa darasa la kwanza. Hakucheka. Akaniuliza, "Mama, kuna nini?" Na mimi nikidanganya hukohoa, na yeye kikohozi hicho anakijua tangu utoto.

Mwambie. Mficha uchi hazai. Ni meno, si mimba ya nje ya ndoa.

Mama yako


20 Machi

Mke wangu,

Naanza hivyo kwa sababu wewe umeanza. Miaka yote unasaini "Mwanya", hata kwenye karatasi ya kununua sabuni. Sasa ghafla "Mke wako". Kama barua kutoka ofisi ya mtaa.

Simu mpya nimeikabidhi kwa dereva wa basi, atakuwa ameshaileta. Nimepiga mara nyingi, inaita mpaka inachoka. Ujumbe ninaoupata ni "sawa" na "poa". Mama naye nikimuuliza anakohoa. Mimi ni fundi, nikiona ufa natafuta umeanzia wapi, lakini huu sioni mwanzo wake. Kama nimekukosea niambie nimekosea nini.

Hapa kazi ni ileile. Nakaa mezani kutwa natengeneza vicheko vya watu nisiowaona. Jioni narudi chumbani, nafungua mlango, na kimya kinanipokea kama mwenye nyumba. Nimeshachoka kula nikiwa nimeutazama ukuta. Nimekukosa, na sijui kulisema hilo kwa mapambo.

Sasa sikiliza. Bosi ameniwekea karatasi mezani, miaka miwili mingine. Anataka jibu wiki ya kwanza ya Aprili. Mimi jibu langu ninalo, ila nataka nilisikie mdomoni mwako. Pokea simu. Sema neno moja tu, "njoo". Ukilisema, karatasi yao nitafungia maandazi.

Fundi wako


28 Machi

Fundi,

Simu imefika, asante, ni nzuri sana. Mtandao wa huku ndio umekuwa mgonjwa siku hizi.

Hujanikosea kitu. Kuhusu ile karatasi, nimefikiri sana. Kazi siku hizi ni ngumu kupata, na wewe huko umeshajulikana. Tumeshazoea kukaa hivi. Nadhani usaini. Miaka miwili si mingi, na ukipata likizo baadaye utakuja kututazama.

Usinifikirie vibaya. Jitunze na vumbi la plasta, vaa kile kitambaa cha pua.

Mke wako


3 Aprili

Mke wangu,

Nimesaini.

Umesema tumeshazoea. Mimi sikuwa nimezoea, lakini nitajifunza.

Wasalimie watoto wa darasa la kwanza.


12 Aprili

Mama,

Shikamoo. Amesaini.

Mimi ndiye niliyemwambia asaini, najua. Nilipiga hesabu zangu, akikaa huko kidogo nitakuwa nimeshawekewa daraja, halafu nitamwambia nimebadili mawazo, aombe ruhusa, arudi. Nilijiona mjanja. Lakini Mama, nakwambia ukweli, wakati naandika "usaini" moyo wote ulikuwa unaomba akatae. Nilitaka aniandikie matusi, apande basi, agonge mlango kwa hasira. Badala yake amenitii. Miaka yote sijawahi kumwona mtu akinitii haraka hivyo.

Barua yake ina mistari michache. Nimeisoma mpaka mikunjo ya karatasi imeanza kuchanika. Hakuandika hata "Fundi wako" mwishoni.

Jana daktari aliyasaga meno ya pembeni na kuchukua chapa. Inakuuma ile sindano ya ufizini, halafu anakujaza mdomo ule ugali wa bluu unaoganda, unatulia nao huku machozi yanakutoka. Nilimwacha adhani ni maumivu. Akanivisha vikofia vya plastiki kwenye vile visiki viwili ili visinipige ganzi ya baridi, katikati akaniacha na pango langu. Akaniuliza kama nataka mwanya urudi, maana kwenye daraja ni kazi ngumu. Nikamwambia ayaunganishe tu. Mwanya nitamwonyesha nani?

Mkwe wako


6 Mei

Mwanya wangu,

Wiki hii umewekwa mezani kwangu.

Nisubiri nikueleze taratibu. Kuna karakana moja ndogo tanuri lake limepasuka, kazi zote za wateja wake zimeletwa kwetu. Mimi nikapewa boksi langu. Ndani kuna chapa ya juu na chapa ya chini, hakuna jina, namba tu, ndivyo zinavyokuja siku zote. Nikamimina plasta, nikaiacha iwe ngumu, nikaibandua huku akili yangu iko kwako, yaani nakukasirikia kama nilivyokukasirikia mwezi mzima.

Nikaigeuza kwenye taa. Gego la juu, kushoto, lilikuwa na taji. Nikalitazama nikasema moyoni, aliyefanya hili alikuwa mwanafunzi, amechimba mfereji wa katikati kwa kina kirefu mno, anaogopa mteja hatatafuna. Nikaendelea na kazi. Halafu nikarudi kulitazama tena. Mwanafunzi mwenyewe ni mimi. Hilo taji nilimtengenezea binti aliyeingia kliniki shavu limevimba kama ameficha chungwa, akatoka anacheka na mwanya wake, nami nikamfuata mpaka nje kumpa mwavuli uliokuwa si wake. Nikatafuta chonge la chini lililosimama upande. Lipo. Nikatazama mbele.

Mbele hapakuwa na kitu.

Nilikaa chini. Mwenzangu wa meza ya pili akauliza kama naumwa. Nikamwambia, "Huyu ni mke wangu." Akaitazama plasta, akanitazama mimi, akavuta kiti chake kando kidogo.

Kumbe ndiyo hii. Kumbe hakuna mtu, wala hujanichoka, wala mtandao hauumwi. Nimemaliza kucheka, nikakasirika upya, nikamaliza kukasirika, nikashika ile plasta kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Ni wewe, mke wangu, na siwezi kukuuliza kitu. Nilikupigia hapohapo. Hukupokea. Sasa najua kwa nini hupokei, na bado imeniuma.

Karatasi ya daktari inasema meno ya mbele yakutane. Nimempigia nikamwambia sikubali. Akasema mgonjwa mwenyewe ameridhia. Nikamwambia mgonjwa huyo ni wangu. Kweli daraja ni kipande kimoja, ukiacha nafasi katikati linakuwa vipande viwili na halisimami. Lakini ipo njia, ni kazi tu ya kumtoa mtu jasho. Nimelaza kijitanzi chembamba cha chuma kwa nyuma, kinapinda kupitia upande wa kaakaa na kuyashika meno yote mawili. Anayekutazama usoni hakioni. Wewe utakijua kwa ulimi. Mwanya umebaki mahali pake.

Upana wake hakuna aliyeniandikia. Huo nimeutoa kichwani. Rangi ndiyo nilibishana nayo. Daktari ameandika rangi iliyokolea kidogo, mimi nilitaka kuweka nyeupe zaidi, kama ninavyoyakumbuka. Nikalinganisha na maelezo yake, nikaona yeye ndiye aliyeyaona juzi, mimi nimeyaona miaka mitatu iliyopita. Nikaweka yake. Hapo ndipo nilipolia.

Nimekwenda kwa bosi kuomba karatasi yangu. Imeshapita, imesainiwa na wakubwa wake, haina mlango wa kutokea kabla ya mwaka wa pili. Hata likizo ni mwakani. Ninachoweza kukuletea mwenyewe sasa ni haya meno manne. Nayatuma kwa daktari wako, yafungueni polepole.

Fundi wako, na nilikuwa wako hata kwenye ile barua niliyoacha kuandika hivyo


25 Mei

Fundi wangu,

Nilisoma barua yako nimesimama kwenye korido ya shule, nikakaa chini sakafuni na nguo zangu za kazi, watoto wakanipita pembeni kwa adabu kama wanapita msiba. Nilikuwa nalia na kucheka, na kwa pango hili hakuna anayejua kipi ni kipi.

Nisamehe. Sitatafuta maneno mengi. Niliona haya kwako, mtu pekee ambaye sikupaswa kumwonea haya.

Jana daktari alikifungua kiboksi. Akaliweka daraja bila gundi, kulijaribu kwanza. Akanipa kile kikaratasi chekundu nikang'ata, akatafuta mahali linapogusa vibaya, akakosa. Akapitisha uzi kwenye fizi, akakosa. Amekuwa mtu wa kupenda kukosoa kazi za mafundi, lakini jana alitikisa kichwa tu na kuniuliza wewe ni mtu wa namna gani. Kisha akanipa kioo.

Fundi, alikuwa yule binti. Mwanya uleule, hata ule mkato mdogo kwenye ncha ya jino la kushoto ambao nilikuwa nimeshausahau mimi mwenye jino. Nilikigusa kijitanzi kwa ulimi. Nikasema "sisi", ikatoka sawasawa. Nikasema jina lako. Daktari akageukia dirishani, akajifanya anapanga vyombo vyake.

Halafu nikamwambia alitoe.

Alidhani sijaridhika. Nimeridhika mpaka naogopa. Ila wewe umenikumbuka vizuri sana, na huyo unayemkumbuka nikimvaa leo, wewe hutamwona kamwe huyu mwingine: aliyedanganya simu mbovu, aliyekuandikia "usaini" huku akiomba ukatae, aliyefundisha watoto sitini kusoma kwa filimbi. Na huyu ndiye aliyekukosa usiku na mchana. Nataka umwone kabla hujamtengeneza.

Kwa hiyo daraja liko ndani ya kiboksi chake, kwenye pamba, na kiboksi kiko kwenye mkoba wangu. Wewe ndiye uliyesaini miaka miwili. Mimi sijasaini kitu. Mwalimu mkuu amenipa ruhusa ndefu, amenung'unika kidogo lakini nadhani amechoka na muziki. Mama yuko salama kwa wifi, na amesema nikichelewa kuondoka atakuja kunisukuma mwenyewe na ule mguu wake.

Nafika kwa basi la asubuhi tarehe 8 Juni. Sitapiga simu. Neno la kwanza nataka ulisikie ukiwa umenitazama.

Mwanya


12 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama, miguu imevimba kwa kukaa lakini itapona.

Njia nzima nilifunika mdomo kwa mtandio. Mama mmoja wa kiti cha jirani alidhani nina kikohozi, akafungua dirisha, vumbi likatuingia wote. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia mwanao, mazuri, yasiyo na herufi za filimbi hata moja. Mwalimu wa darasa la kwanza hashindwi na hilo.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa basi kabla halijazima injini. Alitoka moja kwa moja kazini, amejaa plasta mpaka kwenye nyusi, watu wanampisha wakidhani ni mwokaji. Amekonda, Mama, nakwambia mapema usije ukanilaumu mimi. Ana mvi mbili tatu hapa pembeni ambazo hakuniambia. Nilivyoshuka maneno yote niliyopanga yakanitoka. Nikautoa mtandio usoni, mbele ya abiria na wabeba mizigo, nikamwambia, "Sasa nimefika, usinicheke." Filimbi tatu kwa mpigo.

Hakucheka. Alinishika kidevu, akanigeuza uso upande wa mwanga kama anavyoigeuza kazi, akatazama pango langu kwa muda mrefu. Mimi nimesimama nimefumba macho, nasubiri hukumu. Nilijua atasema fizi zimepona vizuri, au visiki vimesagwa vibaya, au daraja liko wapi.

Akasema, "Liliuma?"

Mama, tangu Februari watu wameniuliza nilianguka vipi. Wameniuliza meno yatakuja lini, na nitafundishaje, na mume atasemaje. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza hilo. Na mimi mwenyewe nilikuwa sijajiuliza, nilikazana kuficha. Nikamwambia liliuma. Liliuma sana. Nikalia palepale juu ya begi, kilio cha mtoto aliyepotea sokoni, naye amechuchumaa mbele yangu na nguo zake nyeupe, ananifuta machozi kwa mikono yenye plasta, ananipaka uso mzima.

Kliniki iko mtaa wa pili kutoka hapa tunapokaa. Daktari wao ameshaambiwa, gundi ipo, ni kazi ya dakika chache. Kiboksi kiko juu ya kabati. Kila asubuhi namwambia twende tukayaweke, naye ananiambia, "Kesho. Leo niongeleshe tu."

Mkwe wako